Jumamosi ya Bure

...na leo atawaambia, basi, imetosha, maneno ameyafanyia mazoezi tangu alipoamka, jamani nawapenda lakini kushona bure mwisho leo, hivyo tu, maana uzi nao hununuliwa, na cherehani ni ya kukodi, na mgongo wa fundi nani ataushona... mdogo wake kasimama mlangoni, kakunja mikono, "Dada, waambie sasa kabla hawajajaa," wamejaa tayari, benchi zima, sketi za shule, suruali zilizotoboka magotini, kutoa ni moyo usambe ni utajiri, aliyesema hivyo hakudaiwa kodi ya kibanda, vyuma vimekaza, na wateja wa kulipa nao siku hizi wanaisubiri Jumamosi kama wengine, amejichimbia kaburi kwa sindano yake mwenyewe, haya, nani anafuata, Mzee Kofia, tena, na koti lile lile, kwapa lile lile... "Limefumuka tena, mwanangu," na macho ameyapeleka kwingine, limefumukaje? akaligeuza, wiki iliyopita alipiga mshono mara mbili hapa, uzi wa magunia, haufumuki huu hata koti akilivaa ng'ombe, na hizi ncha hazikuvutika, zimekatwa, moja moja, kwa wembe, kitambaa nacho kimechanika kidogo pale mkono ulipotetemeka... mzee huyu! hasira zikampanda hadi masikioni, yeye anaumia mgongo, mtu amekaa kwake anafumua... "Dada, si useme?" ngoja kwanza, anafumua ili iweje? na ni yeye fundi aliyepiga marufuku wapiga soga, asiye na nguo ya kushonwa asikalie benchi, kwa hiyo mwenye koti zima aingie na nini, tangu kiwanda alichofanyia kazi kifungwe, asubuhi aende wapi, mkewe ametangulia, watoto wako mbali, hapa wanamtania kofia yake, wanamuuliza ameamkaje, jamani, mzee mzima anahangaika na wembe ili aulizwe ameamkaje... uchovu ukamrudia, mzito kuliko wa asubuhi, maana sasa hata hasira ya kumpa nguvu hana, "Dada!" "Nimesikia," mguu bado uko kwenye pedali, benchi linamtazama, akalilaza koti chini ya sindano, akairekebisha mashine ipige mishono mirefu, myepesi kufumua, mzee asije akajikata vidole.