Chupa ya Juu ya Friji

Nerissa alisema ana mimba huku akichambua miiba ya samaki kwa vidole. Nanay, mama yetu, akaangusha kijiko, akapiga ishara ya msalaba, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Kaka yangu Rodel alizunguka meza akitubusu sote. Mkewe alikuwa ameingoja mimba hiyo tangu harusi yao, na mvumilivu hula mbivu.

"Si nilikwambia?" Nanay alisema. "Zile vitamini zangu!"

Nikageuka kuitazama chupa iliyokuwa juu ya friji. Nikaisukuma sahani yangu ya wali.

Wakati ule nilikuwa natumia dawa ya uso. Uso wangu ulitoa mafuta kiasi kwamba poda iliyeyuka kabla sijafika mlangoni, na Rodel alizoea kunijia na yai mkononi: "Inday, tukaangie hapo shavuni?" Daktari wa ngozi aliponiandikia vidonge hakutabasamu. Alisema nisithubutu kushika mimba nikivitumia, kwani mtoto huharibika tumboni. Nilicheka. Mimba ya nani?

Lakini hapa Iloilo, Ufilipino, dawa hununuliwa kwa punje, kama vitunguu. Muuzaji hukata karatasi ya vidonge kwa mkasi, na jina la dawa hubaki dukani. Nanay naye hakuamini kwamba dawa ina mwenyewe. Kila kidonge alichokiokota ndani ya nyumba alikitia kwenye ile chupa ya kahawa, na mwenye kuumwa alijichagulia. Vyangu nilivificha kwenye droo. Ikaja sikukuu ya mtakatifu wetu, Nanay akasafisha nyumba nzima, pamoja na ile droo.

Nilimfuata Nerissa uani, kwenye karai la nguo.

"Manang," nilimwita, yaani dada mkubwa, "hizo vitamini unazitoa wapi?"

"Si kwenye chupa. Nanay kanichagulia mwenyewe, eti zinalainisha kizazi." Akanikonyeza. "Unazitaka? Tafuta mume kwanza."

Akatoa kidonge kimoja mfukoni. Kilikuwa laini, cha rangi ya chungwa. Kilikuwa changu.

Nikamwambia yote, nikibabaika. Nerissa aliketi juu ya nguo zilizolowa, akakitazama kile kidonge.

"Nimemeza kila asubuhi," alisema. "Nilikuwa nasali kwanza, ndipo nameza." Kisha akanishika mkono kwa nguvu. "Nanay asijue, Inday. Atakufa yule."

Daktari alimwambia aache mara moja. Akataja moyo, ubongo, masikio. Alisema picha za tumbo zingeonyesha baadhi ya mambo, si yote. Hakutaja habari ya kuitoa mimba, wala sisi hatukuuliza. Kwetu hilo halitamkwi. Rodel aliambiwa, na tangu siku hiyo hakunitania tena kuhusu mayai. Dawa niliiacha, mafuta yakarudi usoni, na hakuna aliyeyaona.

Nanay ndiye pekee aliyekuwa na furaha. Alifuma kofia ndogo ndogo na kuzipima kwenye ngumi yangu. Niliziogopa kofia zile kuliko kitu chochote duniani. Kila alipomaliza moja nilitamani kumpigia kelele aache, nikaishia kumsifia rangi.

Mtoto alizaliwa msimu wa mvua, wa kike. Ndugu wakabishana kuhusu pua, ni ya upande gani. Mimi na Nerissa tulikuwa tunafunua kofia. Sikio la kwanza lilikuwepo. Tukamgeuza. La pili pia.

"Mnamtafutia nini, chawa?" Nanay aliuliza, na chumba kizima kikaangua kicheko. Nasi tukacheka, machozi yakitutoka.

Sasa mtoto huyo, Ysabel, anasoma shule. Daktari amempima moyo, akasema mzima. Nanay bado husimulia wageni juu ya vitamini zake, nasi tunaitikia kwa vichwa. Lakini kila nimwitapo mtoto yule kutoka nyuma, nikimtaka aje kula, mama yake huacha kupakua, mwiko ukiwa hewani, mpaka ageuke.