Karibu Uwani

Kwetu Bagamoyo mwanamume hapiti uwani bila kupaza sauti. Hata awe mwenye nyumba, hata awe anakimbilia choo, atakohoa tangu ukumbini, ataita hodi, na atasubiri mwanamke mmoja amjibu. Wanawake watavuta kanga zao, watakatisha mazungumzo, ndipo apite, macho chini. Adabu hiyo hata walevi wanaijua. Walioshindwa kuijua ni wasomi wa Dar es Salaam wenye ofisi ya vioo, na aliyewakabidhi funguo ni ndugu yangu mwenyewe.

Hafidha ni mtoto wa mama yangu mdogo. Alisomea kompyuta, na aliporudi nyumbani akatutengenezea tovuti ya wanawake peke yao, akaiita Uwani. Aliyetaka kuingia alibonyeza palipoandikwa Hodi, akataja anakotoka na mwanamke gani anamjua. Ombi likaja kwangu, maana mlango nilipewa mimi. Kazi yangu ni kupaka hina, na mimi ni somo, mfundaji wa maharusi. Bibi harusi wengi wa mji huu na wa Kaole nimewafunda mimi, kwa hiyo ni nadra kutajiwa mtu nisijue ni wa nani. Nikishamkubali, anasikia sauti yangu, ambayo Hafidha aliirekodi kwa simu jikoni kwangu: "Karibu, mwenzangu. Huku ni uwani. Keti, sema lako, halitoki." Ukitega sikio utasikia na mbuzi ya nazi ikikwaruza, kwa sababu sikuona haja ya kuacha kukuna nazi kwa ajili ya maneno machache.

Wanawake wakasema. Jamani, walisema! Wa Pangani, wa Saadani, hata walioolewa Maskati. Waume, wakwe, ukewenza, mimba zilizoharibika, uvimbe ambao mtu anaona haya kumwonyesha daktari. Kila mmoja alikuwa na jina la kubandika: Bi Kilua, Mama Visheti, Asali Mbichi. Tulicheka, tukaliliana, tukasutana na kupatana.

Aliyejiita Bi Kikuba alikuwa Shufaa. Nilimfunda mimi, nikampaka hina mimi, siku alipoolewa na Twalha wa Kaole, dereva wa lori. Uchungu wa mtoto wa tatu ulimshika njiani, akajifungulia ndani ya lori la mumewe pale Chalinze, na damu nusura imuue. Daktari akamwambia asirudie. Mama mkwe akamwambia bado anangoja mjukuu wa kiume. Shufaa akaenda kuwekwa kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, kimyakimya, na kila Twalha alipouliza aliambiwa Mungu hajajalia. Yote haya aliyaandika Uwani, pamoja na lori lake na Chalinze yake, akiuliza kama mume akimshika mkono atakigusa hicho kijiti. Mmoja akamjibu aseme ni kovu la chanjo. Mwingine akamwambia abadili upande wa kulala. Siku ile tulicheka mpaka machozi, na Shufaa mwenyewe akicheka kuliko wote.

Kisha Hafidha akauza.

Hakutuambia. Tuliamka tukakuta tangazo: Uwani imepata mmiliki mpya, na ukiendelea kuitumia umekubali. Sijui tungekataaje, maana hata kulisoma lile tangazo kulikuwa ni kuendelea. Hazikupita siku nyingi mlango ukang'olewa. Hodi ilibaki palepale, lakini aliyeibonyeza, awe mwanamke awe mwanamume, aliingia moja kwa moja. Ndani wakaweka mahali pa "Siri Kali za Wiki", na pembeni matangazo ya kubeti.

Nikakimbilia kufuta maandishi ya Shufaa. Uwezo wangu wa kufuta walikuwa wameshauondoa. Shufaa naye akaamua kufunga akaunti yake, akidhani ataondoka na vyake. Jina la Bi Kikuba likatoweka, maneno yakabaki, juu yake pameandikwa "Mwanachama wa zamani". Sasa hata yeye hakuweza tena kuyagusa.

Nilimfuata Hafidha kwake.

"Da Sihaba, shikamoo."

"Shikamoo yako kaa nayo. Umetuuza."

"Sikuwauza nyinyi, dada, nimeuza tovuti. Nilikuwa naibeba peke yangu. Kuilipia mimi, ikiharibika mimi. Nani kati yenu aliwahi kuniuliza naibebaje?"

Hapo alisema kweli, na kweli yake ikanizidishia hasira.

"Anayeuza nyumba huwaambia waliomo," nikasema. "Hata mpangaji hupewa muda wa kutoa vyombo."

"Mlikubali masharti mlipojiunga."

Akanionyesha hayo masharti. Kiingereza kitupu, hayana mwisho. Aliyachukua kwenye tovuti ya watu wengine akabadili jina tu. Akanifasiria kidogo: chochote tutakachosema ni mali ya tovuti, na tovuti yaweza kuhamishwa pamoja na vilivyomo.

"Na wewe uliyasoma, Hafidha?"

Akatazama chini. "Sikudhani yatakuja kutumika."

Akaniambia nchi hii ina sheria ya taarifa za watu, naweza kudai. Nikadai. Nikawaandikia wale wa ofisi ya vioo, nikatumia Kiswahili changu chote cha heshima. Wakajibu kwa heshima zaidi: Mpendwa mdau, tunathamini faragha yako. Haki ya kufutiwa ipo, walisema, ila ni ya mwenye maneno, siyo yangu. Basi mwenye maneno athibitishe kuwa ni yeye, kwa jina kamili, picha na kitambulisho cha taifa, na akiri kwamba maandishi hayo ni yake.

Nililisoma jibu lile nikataka kutema mate juu ya simu. Mwanamke kajificha, na ili wamfiche wanataka kwanza ajitokeze.

Shufaa alikuja kwangu tukakaa uwani, huu wa saruji na mafiga, usiouzwa.

"Somo, nikiwapa jina nimejimaliza. Nisipowapa, yanabaki."

"Yaache. Watu hawajui kama ni wewe."

"Somo yangu, watoto wangapi wa huku wamezaliwa ndani ya lori Chalinze?"

Akatuma jina, picha na kitambulisho. Wakamwambia ombi linashughulikiwa.

Lilipokuwa linashughulikiwa, kijana wao wa video za kuchekesha akayasoma maandishi yote mbele ya kamera. Aliigiza sauti ya kike, na kila alipofika kwenye lori alipiga honi kwa mdomo. Watu walipenda sana ile honi.

Twalha alikuja kwangu baada ya swala ya alasiri. Alibisha hodi mlango wa mbele, nikamwitikia karibu kutoka jikoni. Akaingia mpaka ukumbini, akaishia hapo.

"Shikamoo, Bi Sihaba."

"Marahaba, Twalha. Kaa."

Hakukaa. Alitoa simu, akabonyeza Hodi. *Karibu, mwenzangu. Huku ni uwani. Keti, sema lako, halitoki.* Mbuzi ya nazi ikakwaruza.

"Hii sauti ni yako?"

Maandishi ningeyakana. Sauti yangu mji mzima unaijua.

"Ni yangu."

"Basi umenikaribisha mwenyewe. Nimeingia, nimesoma. Kile kiti cha lori nilikiosha mimi. Damu yake niliikamua kwenye kitambaa kwa mikono hii. Angeniambia, Twalha, mimi sizai tena, unadhani ningembishia?"

"Na mama yako?"

"Mama ningemweza. Lakini nimeambiwa Chalinze, Bi Sihaba. Nimo mezani nakula, madereva wenzangu wananipigia honi kwa mdomo, nami nacheka nao, sijui wanacheka nini. Chalinze nzima imejua la mke wangu kabla yangu."

"Kosa hilo si lake."

"Najua si lake." Akarudisha simu mfukoni. "Nimempeleka kwao jana. Na talaka yake nimempa."

Akaniaga kwa adabu zote, akavaa viatu vyake mlangoni, akaondoka. Nilitaka kumchukia nikashindwa.

Maandishi yalifutwa wiki ile ile. Walimpelekea Shufaa ujumbe wa kumshukuru kwa subira yake, wakamtaja kwa jina lake kamili. Mimi nikawaandikia mara ya pili, nikiomba waondoe sauti yangu pale mlangoni. Nikawapa jina, picha na kitambulisho bila kuombwa. Wakajibu kwamba sauti ilinunuliwa pamoja na tovuti, na kwamba wageni wanaipenda.

Siku hizi mtu akibisha hodi kwangu, hata awe bibi harusi na mama zake, simwitikii. Nainuka kimya, nakwenda kufungua kwa mkono. Wanasema Sihaba ameota kiburi.