Utando Uliokataa Kukaa Bluu

Wiki nzima nilikuwa nimenuna, na aliyeninunisha ni dada yangu, tumbo moja. Yeye ni mkemia: humimina polima, uji mzito wa plastiki, kwenye vioo vidogo ikauke iwe utando wa bluu. Mimi ni mtu wa hesabu. Milinganyo yangu hutabiri jinsi polima hiyo itakavyoshikana na jinsi mwanga utakavyopita ndani yake. Mwenye figo mbovu akiupulizia utando, gesi ya amonia iliyomo katika pumzi yake huugeuza kijani. Kwa mwenye afya unabaki bluu. Ndivyo tulivyowaahidi madaktari, na kesho ya siku hii ninayoisimulia walikuwa wanakuja kuamua kama watatumia kifaa chetu au tufunge virago.

Pumzi ya mgonjwa tuliiiga kwa gesi ya mtungi. Ya mwenye afya ilikuwa ya Dada mwenyewe, ambaye tangu azaliwe hajalazwa hata siku moja. Na kila alipopuliza, utando uligeuka kijani.

Kwenye milinganyo nilibadilisha joto, nikabadilisha unene, nikabadilisha kasi ya mmenyuko wa kemikali. Kutwanga maji kwenye kinu. Hesabu inasema bluu, kioo kinasema kijani. Nikamwambia Dada anamimina kwa pupa, tena siku hizi amekuwa mvivu, kutwa yuko kitini na viatu kavua kama yuko sebuleni kwake. Akanijibu kwamba ni joto tu linamvimbisha miguu, na kwamba sisi watu wa hesabu dunia isipofanana na karatasi zetu tunailaumu dunia.

"Nyani haoni kundule, mdogo wangu," akasema.

Hapo maji yakanifika shingoni. Nilimpokonya kibanio cha kushikia vioo, nikachukua kioo kutoka trei ileile aliyoitumia asubuhi, nikakipulizia kwa hasira mpaka kikapata ukungu, kisha nikakiweka chini ya taa ya kipimo. Kwenye skrini alama zikajipanga palepale kwenye mstari uliotabiriwa na hesabu yangu, moja baada ya nyingine. Bluu tupu.

Nilifurahi vibaya, furaha ya mdogo aliyemshinda mkubwa wake. Nikaanza kumsimanga: unaona sasa, si nilikwambia hesabu haina kosa? Nikageuka nione atajificha wapi.

Hakuwa akitazama skrini. Alikuwa ameviweka vioo viwili mezani, changu na chake, na anaviangalia.

"Trei ni moja," akasema taratibu.

Furaha ikaniishia mwilini. Nikavuta kiti, nikafungua milinganyo yote upya na kutafuta kosa kwa bidii ambayo sikuwa nayo wiki nzima.

"Dada, huenda nimekosea mahali."

"Hujakosea."

Aliinama avae viatu tuondoke. Alijaribu cha kulia, akajaribu cha kushoto. Havikumwingia.