Gitaa la Mashoto

Baba mdogo Kristofa alikuja na mnunuzi siku ya Jumamosi, hodi moja tu na tayari yuko sebuleni, nyuma yake wazee wawili wa ukoo kutoka Ipililo, na yeye mwenyewe ana sura ya mtu aliyekwisha pokea advansi. Bahati nilikuwa nimefunga duka langu la pembejeo mapema. Ningechelewa sokoni, wangeondoka na gitaa la mama huku mwenyewe yuko jikoni anawachemshia chai.

Nasema gitaa la mama. Nitasema hivyo mpaka mwisho, na asiyetaka asisome.

Mama yangu, Benedikta, alipiga gitaa la solo kwenye bendi ya jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, miaka ile jineri ilipokuwa na timu yake ya mpira, bwalo lake na bendi yake. Baba yangu, Januarius, naye alikuwemo kwenye bendi hiyo, na humo ndimo walimopatana. Bendi ilipokufa, gitaa na amplifaya vilikuja nyumbani kwetu hapa Somanda, vikafunikwa kitenge, vikakaa. Baba alifariki mwaka juzi. Arobaini haijapita vizuri, Kristofa akaibuka na habari zake kwamba vitu hivyo vilikuwa vya kaka yake, kwa hiyo ni mali ya ukoo, na mali ya ukoo anaisimamia nani? Yeye. Ukweni kwake mama waliwahi kuambiwa kwamba mama alikuwa anaimba, na kwao hiyo peke yake ilikuwa aibu ya kutosha. Gitaa la umeme mikononi mwa mwanamke hawakutaka hata kulifikiria. Mama akisema "ni langu," wanacheka, wanabadilisha mazungumzo. Nilikuwa nimechoka na kicheko hicho.

Mnunuzi aliitwa Sharifu, mfanyabiashara wa Mwanza, anayezunguka mikoani kutafuta magitaa ya zamani na amplifaya zile zinazotumia taa za kioo badala ya vidude vya kisasa. Alivua viatu mlangoni, akainama kidogo.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba. Mhola?"

"Mhola duhu."

Kisukuma chake kiliishia hapo, lakini alikitamka kwa adabu. Nilitamani awe mtu mbaya. Ningejua pa kuanzia.

Kristofa akalitoa gitaa chini ya kitenge, akalilaza mezani bila hata kuuliza. "Hilo hapo. La marehemu. Orijino kabisa."

"Orijino ni neno la dukani, mzee," Sharifu alisema akitoa bisibisi na kitochi mfukoni. "Mimi naangalia skrubu kwanza."

Sijawahi kuona mtu akikagua kitu namna ile, na mimi nimewaona wanunuzi wa pamba wakitafuta mchanga kwenye marobota. Alianza na vichwa vya skrubu, kuona kama viliwahi kuguswa. Akafungua bati la mbele, akamulika chini ya vitufe vya sauti, akasoma namba zilizogongwa kwenye chuma. Akanusa ndani. Akaeleza huku akiendelea, kwa sauti ya chini, kwamba hili ni la Kijapani, mwishoni mwa miaka ya sitini. Kwamba watu wanadhani la Mmarekani tu ndilo lenye thamani, na wanakosea. Kwamba risasi ya kuunganishia waya haijawahi kuyeyushwa tena, na hilo ni jambo kubwa. Rangi nayo ni ileile ya kiwandani, ya asali katikati na nyeusi pembeni. Mtu angelipaka rangi mpya ili lipendeze, angekuwa amelimaliza.

Halafu amplifaya. Aligonga kila taa ya kioo kwa ncha ya penseli, akisikiliza. Kristofa akataka kuichomeka kwenye umeme ili aonyeshe inavyowaka. Sharifu alimshika mkono.

"Usithubutu! Imelala miaka mingi. Ukiipa umeme wote kwa mara moja unaiua. Inaamshwa taratibu."

Mama, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, aliguna. Ilikuwa guno la kukubali.

"Sasa ubaya," Sharifu akasema, akalirudia gitaa. "Kuna vitu vinashusha bei. Ufunguo mmoja wa kukazia nyuzi si wake. Hapa juu, kipande kinachobeba nyuzi kimechongwa upya."

"Mfupa wa ng'ombe," mama akasema.

Sharifu aligeuka. "Kweli, mama. Mfupa. Na hapa pembeni kuna tundu lisilo la kiwandani. Mtu amehamisha pini ya mkanda akaiweka upande wa pili. Tundu hili linanishushia bei karibu robo."

"Tundu hilo nilitoboa mimi, kwa msumari wa moto."

Mzee Mayige, yule mkubwa kati ya wale wawili wa Ipililo, alicheka kwa upole, kama mtu anavyomchekea mtoto aliyesema ameendesha ndege. Kristofa akacheka zaidi. "Shemeji kwa utani! Endelea, bwana Sharifu."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilifungua mdomo. Mama akanitupia jicho moja, nikaufunga.

Nieleze hapa kilichonifunga mdomo. Mama alizaliwa mashoto. Bibi aliyemzaa aliufunga mkono huo kwa kamba ya katani wakati wa kula, na pale kamba iliposhindwa alitumia mwiko. Mtoto wa kike atakayempa mkwe chakula kwa mkono wa kushoto! Mama akajifunza. Akala kwa mkono wa kulia, akasalimia kwa kulia, akakoroga ugali na kupalilia pamba kwa kulia, na kwa baba yangu aliolewa akiwa hana dosari yoyote inayoonekana. Gitaa peke yake ndilo lililokataa mkono wa kulia. Hayo aliniambia mimi, na akaniapisha, maana ukoo wa baba una maneno yake kuhusu mashoto, na hakuna hata moja la kumwambia mtu mzima mbele ya mwanaye. Kwa hiyo nilikuwa na jibu la kesi yote mdomoni mwangu na sikuruhusiwa kulitema. Nilimkasirikia Kristofa, nikamkasirikia na mama pia.

Sharifu alikuwa hacheki. Alilinyanyua gitaa, akalikumbatia ili apige, akasita. Nyuzi zilizobaki zilikuwa zimepanda kutu, lakini zilionekana wazi: nene chini, nyembamba juu. Kinyume. Akaligeuza upande wa pili, shingo ikaelekea kulia kwake, na hapo kila kitu kikakaa mahali pake. Ile pini iliyohamishwa ikawa pale hasa panapotakiwa. Sehemu iliyochubuka rangi ikaangukia chini ya mkono wake wa kushoto.

"Subirini kwanza," akasema, na macho yakamng'aa. "Hili halikuharibiwa. Hili lilitengenezwa upya kwa ajili ya mtu mmoja. Aliyelipiga alikuwa mashoto." Akamgeukia Kristofa kwa furaha, akidhani anampa zawadi. "Nikiweza kuthibitisha hilo, lile tundu halishushi bei tena, linaipandisha. Wateja wangu wanataka kumjua mpigaji. Ni kweli marehemu alikuwa mashoto?"

Angesema ndiyo, mambo yangekwisha. Neno moja tu, na gitaa lingepanda gari kwenda Mwanza siku ileile. Mtu wa Dar angesema ndiyo kabla swali halijaisha.

Lakini Kristofa alisimama, shingo imemtoka mishipa.

"Nani mashoto? Kaka yangu? Wewe bwana umekuja kununua au kututukana? Januarius ndiye aliyekuwa anakata nyama za ukoo kwa mkono wa kulia kwenye sherehe zote! Muulize Mzee Mayige hapa!"

"Kwetu hakuna mashoto," Mzee Mayige akasema kwa uchungu wa kweli. "Hajawahi kuzaliwa. Na angezaliwa, tungemnyoosha. Januarius alikuwa wa kulia, safi kabisa. Mimi ni shahidi."

"Wa kulia kabisa?" Sharifu akauliza.

"Kabisa!" wakajibu wote watatu.

Sharifu alilitazama gitaa, akawatazama wao, na nikaona Kristofa anaanza kuelewa alichokifanya. Lakini angesema nini? Amwite kaka yake mashoto mbele ya wazee aliowaleta mwenyewe? Nilibana meno nisicheke.

"Basi samahani," Sharifu akasema polepole. "Gitaa hili marehemu hakulipiga. Haiwezekani. Kuna mashoto yeyote katika nyumba hii?"

Mama aliinuka kwenye kigoda. Ana miaka sabini na kitu na magoti yake huwa yanamchelewesha, ila siku ile hayakumchelewesha. Akatembea mpaka mezani, mbele ya shemeji yake na wazee wa mume wake, akaunyanyua mkono wa kushoto juu, vidole vimetanuka, kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Mimi," akasema. "Mimi ni mashoto. Nilizaliwa hivyo, nikaolewa kwenu hivyo, nikawapikia ugali miaka yote hii nikiwa hivyo, mkashiba. Mkono huu nimeuficha vya kutosha."

Mzee Mayige akainamisha macho kama aliyemwona mkwewe anaoga. Mama hakuushusha mkono. Nililia, sioni haya kusema, nililia kwa furaha na hasira kwa pamoja.

"Na wewe, baba," akamwambia Sharifu, "usinipunguzie robo kwa ajili ya mkono wangu."

"Sipunguzi, mama. Naongeza. Taja wewe."

"Sitaji. Haliuzwi. Nilikuacha ulikague ili na mimi nijue linaumwa nini. Ukiweza kuiamsha hiyo amplifaya taratibu kama ulivyosema, rudi uifanye, nitakulipa. Kwa kununua, nenda salama."

Sharifu aliweka mkono kifuani. Alisema atarudi, na atakuja na nyuzi mpya, na atazifunga kinyume. Akaanza kukusanya bisibisi zake.

Kristofa hakuwa mtu wa kuondoka mikono mitupu. "Sawa, shemeji," akasema, sauti imekauka. "Umetuaibisha, sawa. Lakini kaka alikuwa kwenye bendi, hilo hulipingi. Bendi ilipovunjika kila mmoja alipewa chombo chake, hata mimi nilisikia. Chombo cha kaka kiko wapi? Hicho ni cha ukoo."

"Hapo umesema kweli," mama akasema. Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wa baba niliona meno yake yote. "Vero, nenda chumbani, juu ya kabati. Mletee baba yako mdogo chombo cha kaka yake cha kutikisa: manyanga."