Kivuli cha Kija

Kija alivuka ziwa kwenda Sengerema peke yake siku ya Jumamosi, akiwa na umri wa miaka kumi na sita, kikapu cha sukari na sabuni za kumpelekea bibi yake mzaa mama, na maonyo ya baba yake ambayo yangewekwa kwenye mizani yangekishinda kikapu. Asikae ukingoni. Asipokee soda ya mtu. Akiulizwa, aseme mjomba wake ni askari, ingawa mjomba wake alikuwa anauza dagaa.

Mabishano yalichukua mwezi mzima. Baba yake, Mhoja, alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani mwaka ule, sasa alikuwa na meza ya mitumba Mkuyuni, na kila mteja aliyeshika suruali alisomewa kwanza hatari za wasichana kusafiri peke yao. Mkewe, Selina, alimwambia kwamba suruali hizo zenyewe zimevuka bahari kutoka Marekani bila kusindikizwa na mtu, na zimefika. Angeweza pia kumkumbusha kwamba Ngosha, mdogo wake Kija wa kiume, alishakwenda Kahama mara mbili juu ya lori la pamba, na baba yake aligundua kuwa hayupo siku aliporudi. Hilo hakulisema. Ukweli ni kwamba hata yeye alikuwa na woga. Mchana alijigamba kwa majirani wa Mkolani kuwa binti yake si mtoto wa kushikwa mkono. Jioni, akimwangalia anavyokoroga unga wa vitumbua, aliomba pantoni iharibike.

Haikuharibika. Kija alipanda, akasimama katikati kama alivyoagizwa, akampungia mama yake mkono. Kivuli chake hakikupanda. Kilibaki kwenye zege la gati, kirefu kwa jua la asubuhi, hadi mfanyakazi wa pantoni alipomwomba Selina kwa adabu akisogeze, magari yapite. Selina alikiambia twende, nacho kikamfuata mpaka nyumbani.

Hakikuwa na matata. Asubuhi kilichota maji, kikafagia ua, kikatwanga mchele wa vitumbua vya kuuza. Saa sita kilikuwa kinajikunja na kubaki kama mfuniko wa sufuria, hivyo kazi ya mchana ilikuwa kuchambua mchele tu; jioni kilirefuka tena, kikaosha vyombo vya wateja wote. Usiku wa mgao wa umeme waliwasha chemli, maana gizani hakikuweza kushika kitu. Jirani yao Odeta alikuja kukitazama, kikombe cha chai mkononi. Aliuliza kama kinajua kiasi cha chumvi. Alipoambiwa kinajua, akasema wanawe walipokwenda shule ya bweni hawakumwachia hata ndala, akaondoka amenuna kidogo.

Mhoja alipona wasiwasi siku ya pili. Alitoka Mkuyuni akakuta maji ya kuoga yameshawekwa bafuni. "Si yupo huyu?" alisema, na hakutaja tena mawimbi wala soda.

Selina naye alilala usingizi mzuri, na hapo ndipo palipomuuma. Asubuhi moja katikati ya wiki aliutafuta woga wake kama mtu anayetafuta ufunguo, tumboni, kifuani, asiuone. Binti alikuwa bado ng'ambo. Maji yalikuwa yale yale, na wanaume wale wale. Kilichobadilika ni ndoo, ambazo sasa zilikuwa zimejaa. Aliona aibu, aibu hasa, akaketi kumkumbuka mwanawe kwa makusudi: anavyocheka, anavyoimba akipiga pasi. Kivuli hakikuimba. Alikiambia kipumzike. Kilikaa chini kidogo, kisha kikainuka kwenda kusugua sufuria.

Kija alirudi Jumamosi iliyofuata, nywele zimesukwa mtindo mgeni, sauti imeongezeka. Jua la alasiri lilimpiga wakati anakatiza ua, na chini hapakuwa na kitu. Alimwamkia mama yake, na Selina alimshika mashavu kwa mikono yenye unga, akafurahi mpaka akacheka peke yake. Kija alikisalimia kivuli chake pia. Kiliitikia kwa kichwa, mikono ikiwa na povu. Hakikumrudia, wala yeye hakukiita. Alikaa kwenye kigoda akasimulia safari: kuku waliofunguka ndani ya pantoni, mwalimu aliyempisha nafasi, na jinsi alivyopotea njia karibu na kwa bibi yake, akaitafuta na kuipata mwenyewe. Hilo la kupotea alilisimulia mara mbili.

"Bibi hajambo," alisema. "Na kivuli chako nacho hakijambo, mama. Nimekikuta kinatwanga mihogo. Bibi anasema tangu uolewe hakijamsumbua hata siku moja."

Selina alitazama miguuni pake. Kigoda kilikuwa na kivuli, kikaango kilikuwa nacho, hata kuku wa Odeta aliyeingia kudonoa. Yeye alikuwa amesimama juu ya udongo mweupe wa jua. Miaka yote ile alikuwa akiangalia moto, hakuwahi kutazama chini.

"Kimezeeka?" aliuliza.

"Kidogo. Mgongo umepinda. Lakini ndoo kinabeba."

Kisha Kija akasema, polepole, kwamba rafiki yake wa shule amemwalika Musoma likizo ya Desemba. "Nataka kwenda, mama. Ila safari hiyo nataka niende na kivuli changu."

Selina alitaka kumkubalia. Alitaka kwa moyo wote, na neno lilishamfika kwenye ulimi. Mhoja akaingia uani, amebeba furushi la suruali zilizokosa wanunuzi. Alimwona bintiye, akatua furushi, akamgeuza huku na huku kuhakikisha ni mzima, akamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akauliza kama maji ya kuoga yapo. Kivuli kiliacha vyombo kikaenda kuyateka.

"Tutaona," Selina alisema, na Kija, ambaye alikulia katika nyumba ile, hakuuliza tena.