Onyesho la Jikoni

Filamu yake ya kwanza ilihusu wauaji wawili wa kukodiwa, na dada yule, mwongozaji chipukizi, aliipania kwelikweli. Kila pigo alilipangia mdundo wake. Hata makoti aliyashonesha upya, ili yapepee vizuri watu wakikimbizana kwenye ngazi. Muuaji kijana alimtoa kwenye ukumbi wa ndondi. Nafasi ya muuaji mzee akampa mjomba wake, fundi cherehani aliyewahi kuigiza jukwaani ujanani, akaacha ili alee watoto.

Mjomba alikuwa na onyesho moja kubwa. Muuaji anarudi nyumbani, ananawa mikono kwenye sinki la jikoni, anampigia binti yake simu, kisha maneno yanamkwama. Walilirekodi mara moja tu. Fundi sauti aligeukia ukutani akifuta macho.

Wakati wa kuhariri, mtayarishaji akapiga miayo. "Hapa filamu inalala. Watu wanataka risasi, siyo mzee anaosha vyombo."

"Haoshi vyombo."

"Yote yale yale. Kata."

Dada alibishana, akachoka, akakata. Na kusema kweli, bila onyesho lile filamu ilikwenda kama mshale. Alishika simu amwambie mjomba, akaiweka. Nitampigia kesho, akajiambia. Kesho ikazaa kesho nyingine.

Siku ya uzinduzi mjomba alikuja na mkewe, wanawe na wateja wake, wakajaza safu nzima. Kwenye filamu alifungua mlango, akala risasi, akaangukia rafu ya viatu. Ukumbi ukacheka. Mkewe akaendelea kusubiri mpaka taa zikawashwa.

"Si ulisema kuna ya jikoni?" akauliza, na waliokaa karibu wakasikia.

"Nilichanganya mambo," mjomba akajibu.

Nje alimshika mpwa wake bega. "Hongera, mama. Umeiva." Akaondoka na watu wake kabla ya kupiga picha.

Filamu ikavuma. Jumapili moja dada akaenda kwa mjomba na kompyuta yenye onyesho lile. Alimkuta akipiga pasi suruali ya mteja.

"Kukata ni kazi yako," mjomba alisema. "Hilo silalamikii. Lakini ungeninong'oneza tu, mwanangu. Ningekuja peke yangu."

"Niliogopa, mjomba."

"Mimi wa kuogopwa?" Akatikisa kichwa, akamwita mkewe alete chai. Kompyuta haikufunguliwa.

Kwenye filamu ya pili dada alimwandikia nafasi nono. Mjomba alishukuru sana, akasingizia magoti. Nafasi ikaenda kwa mwigizaji mwingine, hodari, tena mwenye jina. Alipomaliza kurekodi onyesho lake kubwa, watu wote walimpigia makofi. Dada akampa mkono, akatoka, akasimama peke yake juani mpaka wenzake wakaja kumwita.