Damu ya Njia ya Kulia

Kila Ijumaa baada ya alasiri, Severin alivua viatu vya kazi, akavaa kandambili na kutembea polepole juu ya njia ya mashindano, kuanzia mstari wa kuondokea. Ndivyo walivyopima gundi iliyomwagwa njiani ili matairi yashike. Kandambili ikinasa chini na mguu ukatoka mtupu, basi njia iko tayari na gari halitateleza. Kwenye njia ya kushoto, ambako siku hizi gundi ilizimuliwa ili itoshe, kandambili moja ilinasa kidogo na kuachia. Kwenye njia ya kulia, juu ya damu ya Gerishom, zilibaki zote mbili.

Gerishom alikuwa mtu wa Vihiga. Katika chumba cha vibarua wanane kule Al Muraqqabat, Uarabuni, alilala kitanda cha juu, na Severin, Mrombo, alilala cha chini. Kazini alisimama mbele ya magari mawili akiyaelekeza kwa mikono mpaka yakae sawa kwenye mstari. Mashindano yenyewe yaliitwa Daraja la Wote. Mkurugenzi alitaka mafundi wa gereji nao waendeshe magari ya kitaalamu, si watoto wa matajiri peke yao, kwa hiyo vifaa ghali viliondolewa kwenye kanuni. Cha kwanza kuondolewa kilikuwa bamba la chuma linalofunika klachi. Watazamaji walilipenda daraja hilo, maana bila bamba cheche zilionekana vizuri.

Mwezi wa tatu klachi ya gari la kulia ilipasuka. Kipande cha chuma chenye upana wa kisahani kilipita shingoni mwa Gerishom. Alipiga hatua tatu zaidi, mikono bado iko juu, akilielekeza gari, ndipo akaanguka. Jukwaani watu walipiga makofi mpaka walipoona kichwa kimelala vibaya.

Mwili ulisafirishwa kwao. Damu ilibaki. Waliipiga maji ya presha, wakaimwagia dizeli, wakaifukia mchanga. Jua la digrii arobaini na nne halikuikausha. Kila Ijumaa ilikuwa mbichi na vuguvugu, urefu wa mita nane. Hamuza, fundi Mganda ambaye hakuwahi kuendesha mashindano maishani mwake, alipita juu yake na kuvunja rekodi. Tangu hapo hawakuagiza tena gundi ya upande wa kulia. Ada ya kushiriki ikashuka nusu, mafundi kumi na wawili wakajiandikisha, na majukwaa yakajaa.

Peninah, mke wa marehemu, alipiga simu mwezi wa sita.

"Shemeji, hii kaburi imekataa kujaa. Kila Ijumaa jioni inatitia. Tumeongeza mchanga mpaka majirani wameacha kutuletea. Huyu mtu hakukuja wote."

"Hakuja wote," Severin alikubali. "Kuna kiasi kimebaki huku."

"Basi si ukitume?"

Jumamosi alfajiri Severin alichukua mwiko wa mpako na kopo la maziwa ya unga, akapiga magoti, akaikwangua damu yote. Ilitoka kwa utii, kama ugali unaoachia sufuria. Alilibeba kopo hadi Al Ras, kwenye duka la kusafirishia mizigo.

"Nini hiki?" aliuliza Siraje, karani.

"Damu ya rafiki yangu."

"Kavu au ya maji?"

"Ya maji."

"Ya maji lazima ifungwe kwa gundi ya karatasi, kaka. Juzi mtu kanimwagia asali kwenye mashuka ya watu." Akalifunga, akaandika Mombasa, akaliweka rafuni lingoje meli ya wiki ya pili.

Ijumaa iliyofuata, kopo likiwa bado rafuni, kaburi halikutitia. Peninah alituma picha: udongo umesimama, kuku amelala juu yake.

Ijumaa hiyohiyo njia ya kulia ilikuwa kavu. Kandambili za Severin hazikunasa. Akamwambia msimamizi Khalfan, Mzanzibari aliyezeekea Deira, na Khalfan akamwambia mkurugenzi. Mkurugenzi akasema watu wameshakaa jukwaani.

Gari la Hamuza liliteleza mita thelathini na kuupiga ukuta kwa ubavu. Ukuta ulimchukua mkono wa kushoto kuanzia kiwiko. Mkono ulibaki umeshika usukani, Hamuza akatolewa upande wa pili akipiga kelele, na damu yake ikaruka mpaka mstari wa kuondokea. Khalfan aliinama, akaigusa kwa kidole.

"Hii yakauka," alisema. "Mwenyewe yu hai."

Hospitalini Hamuza hakumlaumu mtu.

"Severin kaka, rudisha ile damu. Gundi hawa hawanunui. Ijumaa watu watakufa."

Severin alikaa naye mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha. Kisha akaenda Al Ras, akatia sahihi, akachukua kopo. Alilimimina njia ya kulia, na damu ikatambaa yenyewe mpaka mita zake nane.

Jioni hiyohiyo, bila kungoja Ijumaa, simu ililia. "Shemeji, imetitia tena. Si ilikuwa imeshika?"

"Ilikuwa imeshika," alisema Severin.

Ijumaa baada ya alasiri Khalfan alimfuata pale mstarini.

"Mwanangu, madereva walalamika. Kulia kwashika, kushoto hakushiki. Si haki. Mkubwa kasema uache kupima njia. Kuanzia leo utaelekeza magari, usimame kushoto."

"Bamba limerudishwa?"

"Bamba ghali. Yalla, haya, watu wanangoja."

Severin alimtumia Peninah ujumbe kwamba wasiongeze mchanga kwanza. Akazima simu, akamkabidhi Khalfan. Akasimama mbele ya gari la kushoto, akainua mikono, na injini zikawashwa. Nyuma ya ukuta vibarua wawili walikuwa wakipakia lorini mapipa ya mwisho ya gundi ya upande wa kushoto, yarudishwe yalikotoka.